Simulizi ya tabibu ni tamu, lakini mgongo ni wako

Abiri matatu ya asubuhi kuelekea jijini, kisha chungulia simu ya jirani yako. Usijifanye huchungulii, sote huchungulia. Huenda ukaona video ya mtu amelala chali, na mwingine amemshika kichwa kwa mikono miwili. Anakizungusha polepole, halafu ghafla: kwaa! Mgonjwa anacheka huku machozi yakimtoka. Anasema maumivu ya miaka mitano yameisha. Huko chini watu wanaomba: “Yuko wapi huyu? Nitumieni namba.”

Nami niliomba namba. Nina umri wa miaka 27 na kazi yangu ni ya mtandaoni, ya kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika. Ofisi yangu ni kitanda na meza yangu ni mto, katika chumba kimoja cha kupanga. Baada ya miaka miwili ya maisha hayo, mgongo ulianza kunidai. Nikiinama kufunga kamba za viatu, nainuka kwa awamu kama mzee wa miaka tisini.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa kairoprakta, yaani mtaalamu anayetibu kwa mikono, hasa kwa kunyoosha na kusukuma pingili za uti wa mgongo. Nilichojifunza kwake, na kilichompata binamu yangu baadaye, ndicho kinachonifanya niandike leo. Hoja yangu ni moja. Safari ya maisha ya tabibu ni sababu nzuri ya kumsikiliza, lakini si sababu ya kumkabidhi mgongo wako.

Huyu wangu ana safari ya kusisimua, sikatai. Alipokuwa shule ya upili alicheza raga. Siku moja akaanguka vibaya, na kwa miaka miwili akaishi kwa tembe za maumivu na ushauri wa “pumzika tu.” Kairoprakta mmoja mgeni ndiye aliyemkalisha chini akamsikiliza, akamtibu, akarudi uwanjani. Hapo akajua anachotaka kufanya maishani. Akaenda kusomea kazi hiyo Durban, Afrika Kusini.

Hadi hapo, ni simulizi kama zile unazoziona mtandaoni. Lakini yeye hakukomea hapo.

“Nilirudi nyumbani mikono ikiniwasha,” aliniambia. “Kila aliyeingia nilitaka kumnyoosha. Akaja mama mmoja analalamikia mgongo. Nikamnyoosha mara nne. Hakupona. Kumbe shida ilikuwa figo.”

Baada ya mama huyo, alibadilisha namna ya kufanya kazi. Siku yangu ya kwanza hakunigusa kwa muda wa dakika arobaini. Aliuliza nalala saa ngapi, nakula nini, nakaa vipi kazini, nina mawazo gani, nani alifariki karibuni. Yeye huiita tiba ya mtu mzima. Si mtu mzima kwa umri, bali mtu kamili: mwili, akili, kazi na nyumba anayorudi jioni. Mwishowe alininyoosha kidogo, akanipa mazoezi matatu na kuniamuru ninunue meza na kiti. Kiti cha mitumba cha pale Gikomba ndicho kilichonisaidia zaidi, na hata yeye anakubali.

Sasa nije kwa binamu yangu. Yeye ni mwendeshaji bodaboda. Mwaka jana alipoanza kulalamika mgongo, hakuna aliyeshtuka. Barabara za kwetu zina mashimo ya kuoga bata, naye hubeba abiria wawili, magunia, wakati mwingine hata kochi. “Ni kazi,” alisema. Nasi tukaitikia: ni kazi.

Rafiki yake akampeleka kwa jamaa mmoja anayejiita mtaalamu wa kuponya mwili, akili na roho. Huyo naye alikuwa na simulizi, tena simulizi haswa! Kwamba alipooza akiwa kijana, hospitali zikamkatia tamaa, akaota ndoto, akaamka anatembea, na tangu siku hiyo mikono yake ina kipawa. Wahenga walisema mganga hajigangi. Siku hizi mganga asiyejiganga hapati wafuasi.

Binamu alilipia vikao kumi kwa mpigo kwa sababu alipunguziwa bei. Akakandwa, akabonyezwa, akanyooshwa, akauziwa mafuta. Kila aliposema kwamba usiku maumivu yanazidi, alijibiwa, “Hiyo ni sumu inatoka.” Kufikia kikao cha saba alikuwa amekonda hadi koti lake la kazi likawa linapepea hata pikipiki ikiwa imesimama.

Nikamwambia, bro, twende kwa wangu.

Kairoprakta alimtazama akitembea kutoka mlangoni hadi kitini, akamuuliza, “Kijana wangu, usiku unatokwa na jasho?”

“Ndio, daktari. Hadi shuka linalowa.”

“Na miguu je?”

“Inakuwa mizito nikipanda ngazi.”

Akaweka kalamu chini. “Huyu simgusi leo. Hii si yangu.” Akaandika barua, akatuambia twende hospitali siku hiyo hiyo, si wiki ijayo. Hakututoza hata shilingi.

Ilikuwa TB ya uti wa mgongo. Mimi nilidhani TB ni ya kukohoa tu. Kumbe viini vyake vinaweza kusafiri na damu kutoka mapafuni hadi kwenye mifupa. Vikiachwa huko, pingili huliwa na kubomoka, neva hubanwa, na mtu hupooza. Sasa fikiria pingili iliyokwisha kuliwa, halafu mtu anaisukuma kwa nguvu ya mikono miwili. Mara saba.

Dawa za TB hutolewa bila malipo katika hospitali za umma. Picha ya MRI ndiyo iliyotufanya tuchangishe kwa M-Pesa, kuanzia kwa mjomba hadi kwa wenzake wa steji. Binamu yuko kwenye mwezi wa tisa wa dawa. Anatembea. Bado hajarudi kwenye pikipiki.

Kuna watakaosoma haya na kusema: basi tuachane na hawa watu wa kunyoosha, twende hospitali tu. Hapana, si hivyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka 2020. Desemba 2023 shirika hilo lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya aina hiyo. Katika orodha ya mambo yanayoweza kusaidia kuna mazoezi, elimu kwa mgonjwa, ukandaji, na pia tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Kwa hivyo kazi ya kairoprakta si uongo. Ila mwongozo huo unahusu maumivu ambayo hayana ugonjwa mwingine nyuma yake. Hapo ndipo penye kazi: kwanza mtu ahakikishe hakuna ugonjwa mwingine, ndipo anyooshe.

Tatizo ni kwamba simulizi haina subira ya kuhakikisha. Hata kairopraktiki yenyewe ilizaliwa na simulizi. Mnamo Septemba 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa nchini Marekani, mtu aitwaye Daniel David Palmer alikuwa akitibu watu kwa kile alichokiita nguvu za sumaku. Kabla ya hapo aliwahi kuwa mwalimu, mfugaji nyuki na muuza vyakula. Katika jengo alimofanyia kazi kulikuwa na mfanyakazi wa usafi, Mmarekani mweusi kwa jina Harvey Lillard, ambaye masikio yake yalikuwa mazito kwa miaka 17. Palmer alisema kwamba alisukuma pingili iliyotokeza mgongoni mwa Lillard, na masikio yakafunguka.

Ni simulizi tamu. Ila neva ya kusikia haipiti mgongoni. Hutoka sikioni na kuingia ubongoni, humo humo ndani ya fuvu. Hilo halikuizuia simulizi kusafiri. Palmer akafungua shule, na baadaye akadai kuwa asilimia 95 ya magonjwa yote husababishwa na pingili zilizohama. Mwaka 1906 alifungwa jela kwa kutibu bila leseni, na hilo nalo likawa sehemu ya simulizi.

Tangu hapo taaluma hiyo imepiga hatua. Kuna shule, mitihani na utafiti. Lakini ukimsikia mtu leo, Nairobi au Mombasa, akikuambia kuwa kunyoosha mgongo kunatibu kisukari, pumu na ugumba, jua unasikia sauti ya mwaka 1895.

Hata hivyo, tusiwacheke vijana wanaokimbilia huko. Mimi ni mmoja wao. Unapanga foleni kuanzia alfajiri, unaingia kwa daktari aliyechoka, na kabla hujamaliza sentensi ya pili ameshaandika tembe za maumivu. Hajakuangalia usoni. Si kwamba ni mbaya. Nje kuna watu wengine themanini wanaomsubiri. Halafu unakutana na mtu anayekuuliza unalala vipi na mama yako anaendeleaje. Lazima utamwamini! Kusikilizwa peke yake ni nusu ya nafuu. Wanaoendesha hospitali zetu wangejifunza hilo, matapeli wengi wangekosa wateja.

Lakini nusu ya nafuu si nafuu kamili. Binamu yangu alisikilizwa vizuri sana na yule wa ndoto. Alisikilizwa huku TB ikiendelea kumla.

Kwa hivyo, kabla hujalala kwenye kitanda cha mtu, muulize maswali matatu. Usione haya. Mgonjwa haulizwi uji, lakini tabibu huulizwa.

La kwanza: ulisomea wapi, kwa muda gani, na nani anakusimamia? Mwongozo wa WHO wa mwaka 2005 unataka mafunzo kamili ya kairoprakta yasipungue saa 4,200, yakiwemo ya kutibu wagonjwa chini ya uangalizi. Huwezi kupata saa hizo kwa semina ya wikendi. Na ikiwa unayemwendea ni mtaalamu wa fiziotherapia, taaluma hiyo nchini ina baraza lake lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mwombe cheti cha usajili. Anayestahili hatakasirika.

La pili: ni kitu gani huwezi kutibu? Hili ndilo swali ninalolipenda zaidi. Mwenye ujuzi ana orodha ndefu. Tapeli hana hata kitu kimoja.

La tatu: nisipopata nafuu baada ya vikao vitatu au vinne, tutafanya nini? Jibu likiwa “tutaongeza vikao,” chukua mkoba wako uende.

Na kuna dalili ambazo hazingoji maswali. Maumivu ya mgongo yanayozidi usiku, jasho jingi ukiwa umelala, kukonda bila sababu, homa isiyoisha, miguu kuishiwa nguvu, ganzi katikati ya mapaja, kushindwa kuzuia mkojo. Ukiwa na moja kati ya hizo, nenda hospitali kwanza. Kunyooshwa kutasubiri.

Kuhusu shingo, nawaomba vijana wenzangu mnisikilize vizuri. Kuna visa, ingawa ni nadra, ambapo mshipa wa damu wa shingoni umechanika baada ya shingo kuzungushwa kwa nguvu, mtu akapata kiharusi. Sasa wewe unakaa kwa kinyozi, anamaliza kukupaka poda, anakushika kichwa na kukuvunja shingo, nawe unatabasamu na kumwongeza shilingi hamsini. Mwambie akunyoe tu.

Nyanya yangu, mzaa mama, alikuwa mkandaji kijijini. Hakuwa na cheti, wala hakuwahi kumweleza mtu jinsi alivyopata kipawa. Waliovunjika walikuja, walioteguka walikuja, akina mama wajawazito walikuja. Alipasha mafuta moto, akakanda huku akiuliza habari za nyumbani. Nikiwa mdogo nilimwona mara nyingi akimshika mtoto, akimpapasa, kisha akivuta kanga yake na kumrudisha kwa mamake: “Mpelekeni hospitali. Hii si yangu.”

Nilipomsikia kairoprakta akiyatamka maneno yale yale mbele ya binamu yangu, nilimkumbuka. Mmoja alisoma Durban, mwingine hakuvuka mto wa kwao, na wote wawili walijua mikono yao inakomea wapi.

Kwa hivyo nenda, ukitaka, kwa anayekusikiliza. Furahia simulizi yake, hata umtumie rafiki yako. Ila kabla hajakuwekea mikono, muulize ni lini mara ya mwisho alimwambia mgonjwa, “Hii si yangu.” Akikosa la kukumbuka, amka kitandani, vaa viatu vyako, uende zako.