Kabla ya Kununua, Tuulize Nani Mtunzaji

Ununuzi mkubwa wa vifaa vya elektroniki, uwe wa ruta za mashuleni, wa ving'amuzi au wa mashine za kukusanyia ushuru, hutanguliwa na masharti marefu yanayotaja kasi ya kifaa, ukubwa wa kumbukumbu yake, uimara wa kasha na miezi ya dhamana. Lakini sharti moja, ambalo kwa rai yangu lilistahili kutangulia mengine, mimi sijaliona likiandikwa, nalo ni la kuuliza ni nani atakayeitunza programu inayokiwezesha kifaa hicho kusoma na kuandika kumbukumbu yake baada ya muuzaji kupokea fedha zake na kwenda zake.

Vifaa vya namna hii, vilivyo vingi, huendeshwa na Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991, na ndani ya kiini cha mfumo huo ndimo vinamokaa viendeshaji, yaani programu ndogo ndogo zenye kazi ya kusemezana na kila chombo kwa lugha yake. Kumbukumbu yenyewe ni ya flashi, iliyovumbuliwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, ambaye aliitangaza mwaka 1984, na mwaka 1987 akaleta aina ya pili iitwayo NAND, ambayo kwa wepesi wa bei yake ndiyo iliyoenea ulimwenguni. Masuoka huyo, ili apate ujira aliouona kuwa haki yake, ilimlazimu kuishtaki kampuni aliyoifanyia kazi, na shauri likaisha kwa suluhu mwaka 2006 kwa yeni milioni 87. Ikiwa mvumbuzi alihitaji mahakama, msomaji na akisie mwenyewe hali ya mtunzaji.

Flashi ina tabia ambazo mtumiaji hazijui kwa sababu amesitiriwa nazo. Huandikwa ukurasa mmoja mmoja, lakini haifutwi hivyo, bali, mithili ya ubao wa chuoni unaooshwa wote ndipo upate kuandikwa upya, hufutwa fungu zima la kurasa kwa mara moja. Katika chipu ya kawaida ya miaka iliyopita ukurasa ulikuwa na baiti 2,048, kando yake zikiwapo baiti 64 za akiba kwa ajili ya hesabu za kusahihishia makosa, na kurasa 64 zilifanya fungu moja. Kila fungu lina ajali yake: lile ambalo kila seli yake hushika biti moja huvumilia kufutwa kiasi cha mara 100,000, na lile ambalo seli zake zimebebeshwa biti mbili au zaidi huchakaa baada ya mara elfu chache tu. Tena mafungu mengine hutoka kiwandani yakiwa mabovu tayari, yametiwa alama. Na biti nyingine hugeuka kwa uzee, au kwa sababu tu jirani zao wamesomwa mara nyingi mno. Hayo yote kiendeshaji hakina budi kuyajua, na kuyajua kwa kila kiwanda mbali mbali, maana kimoja huweka alama ya ubovu mahali hapa na kingine pale, na kila mwaka huja chipu mpya yenye desturi zake. Ndiyo maana sehemu ya kiini iitwayo MTD, iliyoasisiwa na Mwingereza David Woodhouse, haijapata kuwa na siku ya kusemwa kwamba imekwisha.

Nataka kukaa kidogo juu ya kisa kimoja, kwa kuwa kinatuhusu sana sisi tuishio na umeme wa kukatika. Viwanda, kwa tamaa ya kupunguza gharama, vilitoa aina ya NAND iitwayo MLC, ambayo katika kila seli hushika biti mbili; na biti hizo mbili, ajabu yake, si za ukurasa mmoja, bali ni za kurasa mbili tofauti, ambazo mmojawapo huenda uliandikwa na kufungwa zamani. Umeme ukikatika wakati ukurasa wa pili unaandikwa, ule wa kwanza, ambao mwenyewe alikwisha kuambiwa kwamba uko salama, nao huharibika. Programu iitwayo UBI, iliyoingizwa katika kiini mwaka 2007, na mfumo wa mafaili wa UBIFS uliofuata mwaka 2008 kwa juhudi za wahandisi wa Nokia pamoja na Chuo Kikuu cha Szeged cha Hungaria, zilikuwa zimejengwa kwa hadhari kubwa dhidi ya kukatika kwa umeme, lakini hadhari hiyo ilipimwa kwa NAND ya biti moja. Juu ya MLC zilionekana kufanya kazi vizuri: kifaa kiliwaka, kikasoma, kikaandika, na mtu yeyote mwenye haraka ya kuuza angaliridhika. Basi mwaka 2018, katika toleo la 4.17, watunzaji wakakata shauri kwamba UBI ikatae kabisa kushikana na NAND ya MLC; na kiraka chenyewe kilikuwa mistari michache tu ya kukataa, bila ya kutengeneza lolote. Miaka miwili baadaye, katika toleo la 5.8, ikapatikana njia ya kuitumia chipu hiyo kana kwamba ni ya biti moja, mnunuzi akipoteza nusu ya nafasi aliyoilipia ili apate amani ya data yake.

Kukataa huko nakuhesabu miongoni mwa kazi bora za watu hawa, ijapokuwa hakuna gazeti lililokuandika. Muuzaji hawezi kukataa hivyo, kwani riziki yake imo katika kukubali. Wala mnunuzi hawezi, kwa kuwa hajui cha kukataa. Anayeweza ni yule tu aliyekaa na msimbo kwa miaka, anayejua utavunjika wapi, na ambaye hana bidhaa ya kutetea.

Kisa cha pili nitakipitia upesi. Mwaka 2015 kampuni moja ya Ufaransa iliona mafaili katika seva zake yakigeuka sifuri tupu, na tuhuma zikaangukia diski za flashi za Samsung. Lakini wahandisi wa Samsung, kwa kuwa msimbo wa Linux uko wazi kwa kila mtu, waliufuatilia wenyewe wakakuta kosa limo ndani ya kiini, mahali panapounganishwa diski kadhaa kuwa moja, nao wakapeleka kiraka cha kulitibu. Kama kiini hicho kingalikuwa siri ya kampuni fulani, au hakuna mtu wa kukipokea kiraka, mshtakiwa angalihukumiwa na maradhi yangalibaki.

Ndani ya kiini cha Linux limo daftari lenye kutaja kila sehemu na mtunzaji wake, pamoja na hali ya utunzaji wenyewe: kwamba huyu analipwa kwa kazi hiyo, huyu anaitunza tu, yule hutengeneza mara moja moja apatapo wasaa, na sehemu fulani ni yatima. Daftari hilo husomwa bure na mtu yeyote mwenye intaneti, hata ofisa ununuzi. Kuna watakaosema kwamba sisi hatuundi vifaa, tunanunua tu, na kwa hiyo hatuna sauti. Hoja hiyo siikubali, kwa maana mwenye kununua ruta elfu kumi kwa mkupuo mmoja husikilizwa hata na kiwanda kilicho Shenzhen. Na tangu mwaka 1992 Linux imekuwa chini ya leseni ya GPL, ambayo humwajibisha mwenye kuisambaza amtolee aliyeipokea msimbo wake, kwa hiyo katika jambo hili hatuombi fadhila.

Zaidi ya hayo, mwaka 2023 ilitangazwa kwamba matoleo ya Linux ya muda mrefu, yaliyokuwa yakitunzwa hata miaka 6, yangerudishwa kwenye miaka 2. Na kifaa kilichojengwa juu ya msimbo wa kiwanda ambao haukupata kuingizwa katika kiini rasmi hakiwezi kuhamia toleo jipya kwa wepesi, bali huachwa na matundu yake. Basi rai yangu ni kwamba katika kila zabuni ya vifaa vya namna hii mwombaji atakiwe aonyeshe kwamba viendeshaji vya kumbukumbu vimo katika kiini rasmi, ataje vinavyoandikwa katika daftari la watunzaji, na aeleze ni nani atakayelipwa, na kwa miaka mingapi, kuvitazama; na mwombaji asiyejibu hayo, hata akiwa ndiye mwenye bei ya chini kupita wote, bahasha yake ya bei irudishwe kwake bila ya kufunguliwa.