TUULIZWE KWANZA, NDIPO TUKUBALI



Zamani mfanya kazi aliyetaka hati ya Serikali alipanga foleni tangu alfajiri. Siku hizi huambiwa, "Nenda eCitizen." Mwezi wa Juni 2023 Serikali ilitangaza kuwa kazi zake zaidi ya 5,000 zapatikana humo. Cheti cha tabia njema ambacho kila tajiri hukidai kabla ya kumwandika mtu, pasipoti, hati ya kuzaliwa ya mtoto, yote yamo humo. Ripoti ya kodi nayo hupelekwa kwa intaneti kabla ya Juni 30 kila mwaka. Hatulilaumu jambo hili. Mtu akiokoa siku moja ya foleni ameokoa mshahara wa siku moja.

Lakini wengi wetu tumeona jambo hili: tukifungua tovuti nyingi, chini ya ukurasa hutokea kisanduku kidogo chenye maneno ya Kiingereza, kwamba tovuti hiyo yatumia kuki, basi ukubali. Mtu ana haraka, hubonyeza "Nakubali" na kuendelea. Amekubali nini? Hajui. Tovuti nyingine hata hazikuulizi.

Kuki hizi si za kuliwa na chai. Ni maandishi mafupi ambayo tovuti huyaweka ndani ya simu au kompyuta yako. Ukirudi kesho, chombo chako huyatoa maandishi yale, na tovuti hukutambua. Zilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Netscape huko Marekani. Kuki haisomi picha zako wala haifungui barua zako. Ni alama tu, kama namba ya shaba apewayo mtu aachapo mzigo wake stesheni.

Tena kuki si za namna moja. Ya kwanza ni ya lazima: ukiisha kuingia kwa neno lako la siri, kuki hukumbuka kuwa ni wewe, usije ukaulizwa tena kila ukurasa. Bila hiyo kazi haiendi. Ya pili huhesabu wageni na kurasa walizosoma. Ya tatu ni ya watu wa nje, yaani makampuni ya matangazo, ambayo alama yao hukufuata kutoka tovuti hii hadi ile, wakajua ulisoma nini, saa ngapi, na unatafuta nini.

Hiyo ya tatu ndiyo twaikataa katika nyumba ya Serikali. Dukani mtu akichukizwa hutoka akaenda duka la pili. Serikali haina duka la pili. Mfanya kazi asiye na cheti cha tabia njema hana kazi. Basi "Nakubali" yake ni ya mtu aliyebanwa mlangoni.

Wazee wetu walikijua kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, na baada ya vita ile ya kwanza kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Ndani yake mliandikwa jina lake, alama za vidole, tajiri wake na mshahara wake. Harry Thuku na wenzake walikipinga mwaka 1921. Hatusemi kuki ni kipande. Twasema hivi: kipande kilionekana, na aliyekivaa alijua kuwa amekivaa. Alama isiyoonekana yataka ulinzi zaidi, si pungufu.

Sheria ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, yalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yahesabu hata alama ya kumtambulisha mtu katika intaneti kuwa ni habari zake. Ni kweli Serikali yaweza kutumia habari za mtu kwa kazi ya umma bila idhini yake, lakini yapasa imjulishe zachukuliwa kwa nini na nani atapewa. Wala Serikali haiko juu ya sheria hiyo. Tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua kuwa kutolewa kwa kadi za Huduma kulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa hatari zake kwa faragha ya watu hazikupimwa kwanza.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kila tovuti ya Serikali ieleze kuki zake kwa Kiswahili chepesi. Pili, kibonye cha "Nakataa" kiwe kikubwa sawa na cha "Nakubali", na atakayekataa ahudumiwe vile vile. Tatu, kuki za matangazo zisiwemo kabisa.

Nasi tuna wajibu wetu. Wengi hapa Buruburu hawana kompyuta nyumbani. Hutumia za saiba, ambapo kiti huwa bado moto mwenzako akikalia. Ukiondoka bila kujitoa katika akaunti yako, kuki ya lazima yaweza kumfungulia ajaye nyuma yako mlango wako. Basi jitoe kwanza, kisha funga. Usiiruhusu mashine ikumbuke neno lako la siri. Mwombe mwenye saiba akufungulie dirisha la faragha, au afute kuki mbele ya macho yako.

Aliyeonewa asinyamaze. Kamishna wa Kulinda Data hupokea malalamiko, na sheria yampa siku 90 kuyamaliza. Asiyejua kuandika barua hiyo aje kwa katibu wa tawi, tutaiandika pamoja.

Tulidai kuonyeshwa hesabu ya mishahara yetu kabla ya kutia sahihi. Hili nalo ni lile lile.

UMOJA NI NGUVU.