Muriel Feelings: Mwandishi Tusiyemsoma

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili humjua Shaaban Robert, ila Muriel Feelings ni mgeni kwake. Mmarekani huyu mweusi (1938–2011) alifundisha sanaa mjini Kampala katika miaka ya 1960. Mwaka 1971 alitoa Moja Means One, kitabu cha kuhesabu hadi kumi, ambamo moja ni mlima Kilimanjaro na mbili ni wachezaji wa bao. Jambo Means Hello, cha alfabeti, kilifuata mwaka 1974. Vyote, kwa michoro ya mumewe Tom, vilitajwa kwa heshima katika Tuzo ya Caldecott ya Marekani. Tukumbuke kuwa hicho ndicho kipindi Wamarekani weusi walipokuwa wakidai utu wao; naye akamwonyesha mtoto Afrika isiyo na aibu.

Wapo watakaodai, wala si bure, kwamba maelezo yake ni ya Kiingereza, na Kiswahili kimebaki msamiati tu. Nakubali. Hata hivyo, kwake picha hubeba maana ya neno. Kwetu mara nyingi hutiwa mwishoni, mithili ya chumvi mchuzini. Mwalimu anayekiita kitabu cha picha mchezo wa chekechea na akifungue hiki kwanza, ndipo tujadiliane.