Listi Imefungwa? Haya, Tuonyesheni Hiyo Listi

Leo sina vichekesho. Kama umekuja kwa ile siriz ya mama mkwe, rudi kesho.

Wiki mbili zilizopita keateka wa ploti yetu alinibishia saa moja asubuhi akiwa na karatasi. Singo yangu inatoka 3,000 inaenda 4,200 kuanzia mwezi ujao. Sababu? Barabara imekuwa poa na wanafunzi wamejaa mji. Maji bado nabeba kwa mtungi, choo ni kimoja kwa milango sita, lakini mimi ndiye nalipia barabara.

Mimi natengeneza video, mnajua. Mwezi mzuri nagusa 18,000. Mwezi mbaya nakula kwa mamangu, Chepkube, pale anapouza mboga. Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliponishinda, na pole zenu sizitaki.

Mamangu ndiye aliyeniuliza, "Kwani zile nyumba za kanjo ziliishia wapi? Si uende ukaulize." Kwa wale wadogo zangu wasiojua, kabla kaunti zianze 2013 miji ilisimamiwa na mabaraza, ndiyo hiyo kanjo, na mabaraza mengi yalikuwa na nyumba za kupangisha kwa kodi ya chini. Nairobi ziko Kaloleni, Jericho, Ziwani, majina mnayasikia kwa ngoma. Kaunti zilipokuja zikarithi kila kitu, madeni na nyumba pamoja.

Basi nikaenda. Ofisi sitaitaja, na yule madam pia simtaji, kwa sababu naamini hata yeye anasema tu kile alichoambiwa aseme.

"Kijana wangu, listi imefungwa."

"Ilifungwa lini, madam?"

"Kitambo."

"Na itafunguliwa lini?"

"Tutatangaza."

"Mtatangazia wapi?"

Hapo akaniangalia kama nimemtukana. Nikauliza kama naweza hata kuona listi yenyewe, nijue mbele yangu kuna watu 50 ama 5,000. Akasema hiyo ni ya ofisi.

Nikatoka. Hata sijafika getini, jamaa aliyekuwa ameketi kwa benchi akanifuata pole pole. "Broo, hiyo listi haifungwagi kwa kila mtu." Bei yake ilikuwa 15,000, nusu sasa, nusu nikipata funguo. Alikuwa mpole sana, karibu nimwamini.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu najua komenti zitaenda wapi. Mimi silalamiki kwamba nyumba ni chache. Nyumba ni chache, naelewa. Na sitaki mjane ama mwalimu mstaafu anayeishi humo atolewe ndio mimi niingie na ringi laiti yangu. Ukiwa na nyumba 100 na watu 3,000 wanataka, kufunga listi kunaweza hata kuwa ukweli kuliko kuendelea kuandika majina ya watu ambao hawatawahi kupata. Shida yangu ni listi ambayo hakuna mtu ameiona. Haina tarehe, haina idadi, huwezi kujua kama ipo ama ni kitabu cha kuegemeza mlango. Listi ya aina hiyo ndiyo inamlisha yule jamaa wa benchi. Ingekuwa imebandikwa ukutani, na mimi niko namba 812, angeniuzia nini?

Marekani wana kitu kinaitwa Section 8, serikali inasaidia mtu kulipa kodi kwa landilodi wa kawaida. Huko listi zinafungwa mpaka watu wanazeeka wakingoja, kwa hivyo usidhani nawasifu. Lakini kanuni zao zinasema ofisi ikifungua listi lazima itangaze hadharani, iseme wapi na lini uombe. Miji mingine inachagua kwa bahati nasibu. Na kama mji wako umefunga, unaruhusiwa kuomba mji mwingine uliofungua. Mtu wa Webuye angesikia Kitale imefungua, angeenda kujaribu. Sisi hapa tunasikia kwa binamu wa dereva wa mkubwa fulani, na tukisikia nyumba zimeshaisha.

"Si ujisajili Boma Yangu?" Nilijua mtaniuliza. Nimejisajili. Ilichukua dakika chache, kitambulisho, PIN ya KRA, namba ya simu, nikaambiwa hongera. Lakini Boma Yangu kimsingi ni ya kununua. Unaweka akiba, ukipewa unalipa miaka na miaka mpaka iwe yako. Mimi nataka pa kupanga mwaka huu, na mwaka ujao naweza kuwa Eldoret. Na ndiyo, najua kuhusu Mukuru. Mei 2025 Rais alienda kukabidhi funguo, na chumba kidogo kabisa kilitangazwa 3,900 kwa mwezi. Hongera zao, wametoka mbali wale watu. Mukuru iko Nairobi, karibu kilomita 400 kutoka hapa Kanduyi.

Na pesa inakatwa huku pia, msisahau. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa saini Machi 2024, baada ya ile ya kwanza kuanguka kortini. Mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wote, mwajiri anaongeza 1.5 nyingine. Dadangu analipwa 30,000 kwa duka la dawa. Kila mwezi 450 inatoka kwake na 450 kwa bosi wake, kwa mwaka ni 10,800. Yeye bado anapanga chumba na mwenzake. Kinachochekesha ni kwamba sheria hiyohiyo inatutambua. Mtu anayepata chini ya 20,000 kwa mwezi amewekwa kundi lake, nyumba za kijamii. Kwa hivyo kwa karatasi mimi nipo. Kwa ofisi ndio nimefungiwa.

Na katiba, kifungu cha 43, kinasema kila mtu ana haki ya nyumba inayofaa na anayoweza kuifikia. Wanasiasa wetu wanakipenda sana hicho kifungu wakati wa matanga.

Sasa hii ndiyo ilinifanya niandike. Tuko na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, na niliisoma yote usiku mmoja badala ya kuedit. Raia yeyote anaweza kuandikia ofisi ya umma, kaunti ikiwemo, na kuuliza kile wanachokijua. Barua inaweza kuwa ya Kiswahili, sheria yenyewe inasema Kiingereza ama Kiswahili. Si lazima useme unataka habari za nini. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, wanaweza kukutoza tu gharama ya kutoa nakala. Wana siku 21 za kukupa uamuzi. Wakikunyima ama wakinyamaza, unapeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaita Ombudsman. Yule jamaa wa benchi alitaka 15,000. Hii imenigharimu karatasi mbili na kuprinti shilingi 20.

Nimeuliza mambo manne. Mko na nyumba ngapi za kupangisha na ngapi ziko tupu? Listi ilifungwa tarehe gani na nani aliamua? Wangapi wanangoja? Nyumba ikiachwa, mnatumia kipimo gani kumpa mtu? Sijauliza jina la mpangaji hata mmoja, ndio wasije kunitolea ile Sheria ya Kulinda Data. Idadi na tarehe hazina siri ya mtu.

Kuna msee ameniambia kwa DM niwache kujiletea shida, eti nitawekwa alama. Wacha niwekwe alama. Sina nyumba yenu ya kunyang'anywa.

Nilipeleka barua Jumatatu. Madam ni yuleyule, akaisoma mara mbili, akaenda nyuma, akakaa kama robo saa. Akarudi, akagonga muhuri kwa nakala yangu bila kuniangalia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama hiyo barua inaweza kuandikwa pia kuhusu ploti za mazishi. Nikamwambia ndiyo, mama.

Siku ya 21 naihesabu kutoka hiyo Jumatatu. Wakijibu nitaposti jibu lote, hata kama litaniaibisha. Ukiwa Kitale, Webuye ama Kimilili na unataka kuandika ya kwako, niombe kwa inbox, nitakutumia yangu ubadilishe jina na ofisi. Usisahau kudai muhuri kwa nakala yako kabla hujatoka mlangoni.