Watafiti, turudishieni tasnifu



Nawauliza wanaosomea uzamivu wa hifadhi ya mazingira: tasnifu zenu huishia wapi? Huku kwetu Lunga Lunga huja kuchunguza kaya ya Mrima, msitu wetu mtakatifu, na mikoko ya Vanga. Mmoja alikaa na babu yangu barazani tangu asubuhi, akiandika jina la Kidigo la kila mti na dawa yake. Aliahidi kuleta nakala. Babu keshafariki, nakala hatujaiona. Mrima si kama kaya ya Kinondo, iliyomo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Tena Mrima ina madini ya niobiamu ardhini, na wanaoimezea mate hawaishi. Maandishi hayo yangetusaidia kuitetea. Wanaotoa vibali vya utafiti waweke sharti: nakala ifike kwa wazee wa kaya.

Msomaji,
Lunga Lunga, Kwale