Miwani inavuka mpaka, fundi wake anabaki getini

Simama Busia, Namanga au Mutukula siku ya soko, utaona miwani ikivuka mpaka. Imo kwenye katoni za wenye maduka, imo kwenye mifuko ya wachuuzi, imening'inia kwenye mbao za vijana wanaoitembeza pamoja na chaja za simu. Ikiwa na karatasi zake za forodha, hakuna anayeisimamisha. Lakini kijana aliyekaa chuoni miaka kadhaa akijifunza kusoma cheti cha macho, kukata lenzi na kuiweka sawasawa mbele ya mboni ya mtu, akitaka kuvuka kwenda kufanya kazi hiyo upande wa pili, anaanza safari ya ofisi moja hadi nyingine. Bidhaa tumeiruhusu, ujuzi wa kuihudumia tumeuacha nyuma. Kwa maoni yangu hapo Jumuiya yetu imekosea hesabu, na wanaolipa gharama ni nyinyi mnaoishi kwa kuvuka mipaka.

Tuelewane kwanza ni nani tunayemzungumzia. Daktari wa macho hutibu maradhi na hufanya upasuaji. Mpima macho hukukalisha mbele ya herufi na kuandika namba ya lenzi unayohitaji. Fundi miwani ndiye anayepokea ile karatasi na kuigeuza kuwa miwani unayoweza kuvaa kutwa nzima. Hupima umbali kati ya mboni zako mbili, huchagua fremu inayokaa kwenye pua yako bila kuteleza, husaga lenzi ili kitovu chake kiangukie pale jicho linapotazama, kisha hukunja mikono ya fremu ikae vizuri nyuma ya sikio. Kitovu cha lenzi kikikosewa kwa milimita chache tu, hasa kwenye lenzi yenye namba kubwa, mteja hurudi akilalamika kwamba kichwa kinamuuma. Mara nyingi humlaumu aliyempima, kumbe kosa limefanyika mezani kwa aliyetengeneza.

Mfanyabiashara anaweza kuuliza: hayo yananihusu nini mimi ninayeuza mahindi, vitenge au dagaa? Yanakuhusu kuanzia siku unapofikisha miaka 40. Kuanzia umri huo lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kukakamaa, na vitu vya karibu vinapoteza ukali wake. Utaanza kusogeza simu mbali ili usome ujumbe wa pesa ulioingia. Utamwomba kijana wa dukani akusomee tarakimu kwenye fomu ya forodha. Utashindwa kutofautisha noti za nchi mbili jioni taa zikiwa hafifu. Kwa mtu anayebadilisha shilingi ya Kenya kuwa ya Uganda au faranga za Rwanda mara kumi kwa siku, hilo ni suala la mtaji.

Ushahidi upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kwa wachuma chai wa Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi, ulionyesha kuwa waliopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza uzalishaji kwa zaidi ya asilimia 20 wakilinganishwa na wenzao waliosubiri. Mwaka 2024 ukatoka mwingine wa Bangladesh, uliohusu mafundi cherehani, wasusi na wafanyakazi wengine wa mikono wenye umri wa miaka 35 hadi 65. Baada ya miezi minane, kipato cha waliopewa miwani kilikuwa kimepanda kwa takriban theluthi moja kuliko cha wale ambao hawakuwa wamepewa bado. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuwa watu milioni 826 duniani wana tatizo hili la kuona karibu na hawajapata miwani inayowafaa.

Ni kweli kwamba miwani ya tafiti hizo ilikuwa ile rahisi ya kusomea, na kwamba kuitoa hakuhitaji fundi. Rwanda imetuonyesha hilo kwa kufundisha wauguzi zaidi ya 2,000 wa vituo vya afya kupima uwezo wa kuona na kutoa miwani ya aina hiyo. Sina ugomvi na mchuuzi anayeiuza kwa bei ya chini mahali ambapo hakuna duka. Lakini miwani ya mchuuzi ina namba ileile kulia na kushoto, na macho ya watu wengi hayalingani hivyo. Dereva wa lori anayetoka Mombasa kwenda Kampala anahitaji kuona mbali usiku. Mwenye duka anahitaji kuona daftari mezani na mteja mlangoni kwa miwani ileile moja. Mwenye kisukari anahitaji mtu wa kumwambia kwamba ukungu anaouona hauponi kwa miwani, aende hospitali. Hao wote wanamhitaji fundi miwani na mpima macho wanaofanya kazi pamoja.

Basi mafundi hao wako wapi? Vyuo tunavyo. Tanzania ina shule ya fani hii Moshi, KCMC. Kenya ina chuo kikuu cha Masinde Muliro pale Kakamega, na Uganda ina Makerere. Wanaosomea macho katika vyuo hivi hujifunza kupima na hujifunza pia kazi ya miwani, maana katika nchi zetu mtu mmoja mara nyingi hufanya yote mawili. Kilio cha wahitimu wengi ni kwamba kazi inayowafaa haipatikani. Maduka makubwa yamerundikana Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na huko mhitimu hupewa kazi ya kuuza fremu kwa kamisheni. Lenzi hutumwa kwenye maabara ya mwenye duka, naye anabaki kufungua na kufunga kabati la vioo. Baada ya miaka miwili mkono umesahau mashine.

Wakati huohuo miji ya mpakani, ambako watu na fedha hupita kila siku, aghalabu hakuna duka la miwani lenye mashine ya kusaga lenzi. Mtu hupimwa kwenye kambi ya macho, hupewa karatasi, kisha hulazimika kusafiri hadi mji mkubwa kutengenezewa miwani na kurudi tena kuichukua. Wengi huiweka ile karatasi kwenye droo. Moshi iko mwendo usiofika saa moja na nusu kutoka mpaka wa Holili na Taveta. Kakamega iko jirani na Busia. Mhitimu anaweza karibu kuona kwa macho yake mji unaomhitaji, ila uko ng'ambo.

Kinachomzuia ni nini? Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010. Ibara ya 11 inazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti vya elimu na taaluma. Katika miaka iliyofuata wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo walisaini makubaliano ya kutambuana. Mafundi miwani na wapima macho hawamo kwenye orodha hiyo. Kila nchi ina mlango wake: Tanzania ina baraza la optometria, Uganda huwasajili chini ya baraza la wataalamu shirikishi wa afya, na Kenya madai ya taaluma hii kuwa na sheria yake yenyewe yamesikika kwa miaka mingi. Burundi na Kongo masomo hufuata mfumo wa Kifaransa. Kwa hiyo cheti kinachokufanya mtaalamu Taveta kinaweza kukufanya mwanagenzi Holili, na kinyume chake.

Halafu kuna kibali cha kazi. Kanuni za Itifaki zinasema mfanyakazi aliyepata mkataba wa zaidi ya siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi, na mamlaka imjibu ndani ya siku 30. Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Lakini mamlaka ya uhamiaji haiwezi kukupa kibali cha taaluma ambayo baraza la nchi ile halijaitambua, na baraza nalo litakuuliza una mwajiri gani. Kijana huzungushwa kati ya madirisha hayo mawili mpaka akate tamaa, arudi kuuza fremu kwa kamisheni.

Wapo wanaosema tusiharakishe, vijana wetu wenyewe hawana ajira, kwa nini tuwafungulie jirani? Hofu hiyo si ya kubezwa. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo baadhi ya biashara za jumla na rejareja, na Kenya ikalalamika. Wafanyabiashara wengi wadogo wa Tanzania waliifurahia, na wana sababu zao. Ila tazama kwa makini tunachozungumzia hapa. Fundi miwani anayeajiriwa si mshindani wa mwenye duka. Duka linaweza kuwa la raia, leseni ya raia, faida ya raia. Anayevuka ni mtu mwenye ujuzi ambaye mji ule haunao, na kila anapokaa anawafundisha wasaidizi wa hapo. Mji usio na fundi hata mmoja haupotezi ajira kwa kumpata wa kwanza.

Mapendekezo yangu ni matatu. La kwanza, mabaraza ya taaluma ya nchi wanachama yakae meza moja na kuandika makubaliano ya kutambuana kwa wapima macho na mafundi miwani. Yaanze na nchi tatu zenye vyuo, Kenya, Uganda na Tanzania, na nyingine zijiunge kadiri zinavyokuwa tayari. La pili, wakati makubaliano hayo yanasubiriwa, nchi zikubaliane juu ya usajili wa muda kwa miji ya mpakani, ili mhitimu mwenye usajili kamili kwao afanye kazi upande wa pili chini ya kituo kilichosajiliwa. La tatu, vyuo vyetu viwape wanafunzi mazoezi ya kazi kwenye hospitali za miji hiyo, maana mtu hutafuta ajira mahali anapopafahamu.

Kwa kijana anayetafuta kazi nina neno pia. Usihesabu mshahara peke yake. Uliza kama duka lina mashine ya lenzi na kama utaruhusiwa kuigusa. Uliza ni nani anayepima wateja na kama amesajiliwa, kwa sababu namba mbovu itakuharibia jina wewe. Uliza kama kuna kiwango cha mauzo unachotakiwa kufikisha na itakuwaje usipokifikisha. Dai mkataba wa maandishi, hasa ukiwa ng'ambo, kwa kuwa bila huo huna cha kupeleka uhamiaji. Duka dogo la mji wa mpakani linalokuachia kazi yote kuanzia fremu hadi lenzi linaweza kukukuza kuliko ghorofa la jijini.

Nawe mfanyabiashara uliyefika hapa, huna haja ya kusubiri mawaziri. Vyama vyenu vya wafanyabiashara wa mpakani vina sauti kwenye kamati za forodha na kwenye mikutano ya Jumuiya. Mmekuwa mkiitumia kudai vyoo, maghala na orodha ya bidhaa zenye unafuu wa ushuru. Ongezeni hili. Na mwenye mtaji wa kutosha alitazame pia kama biashara: chumba kimoja, mashine moja ya kusagia, mpima macho wa zamu na fundi mwenye cheti, katikati ya soko ambalo maelfu ya watu wenye miaka 40 na zaidi hupita wakisogeza simu mbali na uso. Wateja wako tayari wamesimama foleni kwenye dirisha la forodha, wakimwomba aliye nyuma yao awasomee kilichoandikwa kwenye risiti.