Matumbawe yetu yanafia hotelini



Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda sasa. Linahusu matumbawe hai yanayong'olewa kwenye mwamba wa kijiji chetu na kupelekwa hoteli moja mjini, kutiwa ndani ya tangi la kioo ili wageni wayatazame.

Tangi hilo nililiona kwa macho yangu tulipokuwa kwenye semina ya walimu ya siku tano. Limewekwa pale mapokezi, chini ya taa ya kawaida ya chumbani. Ndani mlikuwa na samaki wadogo na tumbawe moja la matawi, mfano wa pembe za swala, ncha zake rangi ya zambarau. Lilikuwa zuri, sikatai. Siku ya tatu rangi ilikuwa imepauka. Siku ya tano lilikuwa limefunikwa na ute, na nyama yake inabanduka na kuelea. Nilipomwuliza mhudumu alinijibu bila wasiwasi wowote: "Hayo hayadumu, mwalimu. Likifa tunaagiza lingine." Nilipotoka nje nikakuta mifupa myeupe ya matumbawe imepangwa kuzunguka bustani ya maua. Niliihesabu, ilikuwa kumi na minne.

Vijana wanaoyang'oa nawafahamu, wawili kati yao niliwafundisha mimi mwenyewe. Huenda na mtarimbo wakati wa maji ya bamvua, na hulipwa shilingi elfu tano kwa tumbawe moja. Nilipowauliza waliniambia kwamba lile ni jiwe tu, na bahari ina mawe mengi. Hapo nilijilaumu mimi kuliko wao, kwa sababu darasani tulisoma tembo na twiga mpaka tukachoka, lakini tumbawe, ambalo mtoto wa pwani hulikanyaga kila maji yanapokupwa, hatukulisoma.

Ndugu wasomaji, tumbawe si jiwe wala si ua. Ni wanyama wadogo wengi wanaoishi pamoja, kila mmoja ana mdomo wake na mikono yake laini ya kunasia chakula. Ndani ya nyama yao wanaishi mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, ambayo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Jiwe tunaloliona ni nyumba ambayo wanyama hao wamejijengea kwa chokaa wanayoitengeneza kutokana na madini yaliyomo katika maji ya bahari. Ujenzi wenyewe ni wa polepole. Lile la matawi huweza kurefuka sentimita kumi hivi kwa mwaka likiwa mahali pazuri, lakini lile la mviringo linalofanana na kichwa huongezeka kiasi cha sentimita moja tu. Kwa hiyo tumbawe la mviringo lenye kimo cha sentimita ishirini lina umri wa miaka ishirini hivi. Limewazidi wanafunzi wangu wote.

Sasa tazameni jinsi hoteli ile inavyolifuga. Kwanza mwanga: bila mwanga mkali kwa saa nane au zaidi kila siku, ile mimea ya ndani haifanyi kazi, na tumbawe linakufa njaa huku watu wanalipiga picha. Pili chumvi, na hapa ndipo niliposhangaa zaidi. Maji ya bahari yana chumvi kiasi cha gramu 35 kwa kila lita. Maji ya tangi yakipungua kwa kukauka, wahudumu huongeza ndoo nyingine ya maji ya bahari. Mwanafunzi wangu wa Darasa la Tano analijua kosa hilo, maana wazazi wengi hapa wanafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi: maji hupanda hewani, chumvi hubaki. Kinachotakiwa kuongezwa ni maji safi yasiyo na chumvi. Wakiendelea hivyo watavuna chumvi pale mapokezi.

Halafu kuna madini ya kalsiamu, ambayo baharini ni miligramu 400 na kidogo kwa lita. Tumbawe linalokua huyamaliza katika tangi dogo, hivyo mfugaji hana budi kupima na kurudishia. Kuna joto, ambalo linatakiwa kuwa nyuzi 25 au 26 hivi bila kupandapanda. Yapo pia mambo ya pampu ya kuzungusha maji, na umeme ukikatika usiku kucha maji yanatulia na hewa inakwisha. Hotelini pale nilipouliza kipimo cha chumvi kiko wapi, walidhani nauliza habari za jikoni.

Sisemi kwamba jambo hili haliwezekani. Huko Berlin, Ujerumani, katika miaka ya 1980 alikuwapo mfugaji mmoja aitwaye Dietrich Stüber. Tumbawe lake moja la matawi lilistawi ndani ya tangi, likarefuka. Akalikata vipande akawagawia wenzake, nao yalipokua wakakata wakagawa. Vipande vya tumbawe lile viliingia nyumba nyingi za Ulaya na hata Marekani, na wafugaji wakaliita kwa jina lake. Kazi yenyewe si ya ajabu: kipande cha urefu wa kidole kinabandikwa kwa gundi juu ya jiwe dogo, kinajishikiza, kinaendelea kukua. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kusema anafuga. Lakini huko ughaibuni nako si wote wako hivyo, maana mpaka leo yapo matumbawe yanayong'olewa katika bahari za nchi kama Indonesia kwa ajili ya matangi yao.

Najua watakaonijibu kwamba mwalimu ana mshahara wake mwisho wa mwezi, kijana je? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba tangu joto la mwaka 1998 lilipoua matumbawe mengi katika mwambao wetu, na joto hilo likarudi mwaka 2016 na 2024, hatuna ziada ya kuuza. Tasi na changu wanaonunuliwa na hoteli hiyo hiyo wanakulia kwenye mwamba huo huo. Kama ni lazima tuuze, basi vijana wafundishwe kuotesha vipande, na tumbawe mama libaki baharini kuwa mali ya kijiji. Kule Jambiani, Unguja, akina mama wanalima sponji za kuogea ndani ya bahari na wanaziuza. Kwa nini sisi tupewe mtarimbo tu?

Ningependa Bwana Samaki wa wilaya atueleze kupitia ukurasa huu kama hoteli hiyo ina kibali, na kama kipo, kinaruhusu matumbawe mangapi. Nchi yetu ni mwanachama wa mkataba wa CITES, ambao hauruhusu matumbawe ya mawe kuvuka mpaka bila hati. Haya yetu hayavuki mpaka wowote, yanakwenda mjini kwa bodaboda ndani ya ndoo, na labda ndiyo maana hakuna anayeuliza.

Naomba ajibu mapema. Maji ya bamvua yanarudi baada ya siku kumi, na vijana wameniambia hoteli imeagiza matatu. Safari hii wanataka yale ya mviringo.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkoa wa Tanga.